Siku Waliyonisafishia Miti Mama

Tangu nistaafu, vijana wenye PhD za mimea, za wadudu, za vijidudu na za damu ya ng'ombe hawaishi kunipigia simu. Swali ni moja: "Daktari, nisipopata kazi ya kufundisha chuo kikuu, niende wapi?" Wanauliza kwa ile sauti ya mtu ambaye ameshaulizia njia kwa watu wengi na bado hajafika. Nimechoka kujibu kwa simu, kwa hivyo naandika mara moja, msome wote. Msitafute humu habari za vyeo wala mshahara. Vyeo nilipewa, vingine badala ya wafanyakazi niliokuwa nimeomba, na mshahara uliishia kwenye karo kama wa kila mtu. Nitawaeleza kazi yenyewe, aliyenifunza, na ilivyoishia. Anayetaka kutiwa moyo asubiri Jumapili aende kanisani.

Mimi nilisomea kuvu, yaani ule ukungu na jamaa zake wanaoozesha mizizi na mashina. Nilipomaliza, idara iliyonifundisha iliniambia nisubiri nafasi. Nikasubiri. Nilifundisha vipindi vya walimu waliosafiri, nikasahihisha mitihani yao, na waliporudi nilirudi kwenye benchi. Ndipo kampuni moja ya chai, katikati ya Kericho na Bomet, ikatafuta mtu wa magonjwa. Profesa wangu alipoambiwa nimekubali, alinitazama kama mtu aliyepewa habari ya msiba, akasema, "Kwa hivyo sasa unaenda kuchuna majani?" Mama yangu, ambaye alikuwa amechuna majani maisha yake yote, alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja. Nawaambia mapema ili mjue: ukitoka chuo kwenda kampuni, watu wa chuo watakuzika na watu wa nyumbani watakusherehekea, na pande zote mbili hawajui unaenda kufanya nini.

Siku ya kwanza nilifika na koti jeupe la maabara, limepigwa pasi hadi mikono. Maabara ilikuwa stoo ya visu vya kupogolea. Hadubini ilikuwa kwenye kona, imefunikwa gunia la mbolea, na buibui alikuwa amejijengea humo vizuri sana. Meneja wa shamba alinitazama kuanzia viatu.

"Wewe ndiye daktari? Vizuri. Mtoto wa mpishi wangu anaharisha tangu jana."

Nikamwambia mimi ni daktari wa mimea.

"Basi nenda kitaluni ukahesabu miche. Kuhesabu unaweza?"

Ndiyo, bwana, nikasema, kuhesabu tulifundishwa.

Kitaluni ndiko nilikomkuta Bwana Mwangi. Alikuwa mtu wa Nyeri aliyekuja huku akiwa kijana, akaoa huku, akajenga huku, na Kipsigis chake, lugha ya huku, kilikuwa bora kuliko cha watoto wangu. Yeye pia alikuwa na PhD, ingawa nilifanya kazi naye karibu mwaka mzima kabla ya kujua. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa sehemu yote ya utafiti ya kampuni: mkuu wake, karani wake, na mtu wa kufunga mlango jioni. Alinikalisha juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Sikia, mama," akaniambia. "Hapa usiseme utafiti. Ukisema utafiti, wanasikia hasara. Sema miche. Pili, meneja akikuuliza kama mti utakufa, usimwambie inaonekana, inawezekana, inategemea. Mwambie utakufa ama hautakufa."

"Na nikikosea?"

"Ukikosea utapigiwa kelele. Ukisema inategemea, utafutwa."

Kisha akatoa mfukoni kisu kidogo cha mpini wa mti, makali yake yamekonda kwa kunolewa, akanionyesha kukata kipandikizi cha chai. Jani moja, kipande kifupi cha shina chini yake, mkato wa mshazari, mara moja, bila kurudia. Ukirudia umeponda, na palipopondwa ndipo kuvu huingilia. Kisha unakichomeka kwenye mfuko mweusi wa udongo, unakifunika kwa plastiki na kivuli, unakilea kwa miezi kama mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati. Nilikuwa nimeandika kurasa nyingi juu ya jinsi kuvu inavyoingia kwenye shina. Sikuwa nimewahi kuizuia kwa mkono wangu. Kisu kile Bwana Mwangi alinipa alipostaafu, nami nikampa mwingine, na habari yake itakuja.

Kesi iliyofanya nikubalike ilikuwa ya bloku moja, kipande cha shamba mteremkoni, ambako chai ilikuwa inakauka kwa duara. Mti mmoja, kisha majirani zake, kisha majirani wa majirani. Meneja alikuwa ameshaamua kwamba wafanyakazi wa kambini wanamwaga maji ya sabuni. Nilichimba. Chini ya gome la mizizi nikakuta utando mweupe unaonuka uyoga, nikajua ni nani. Kuvu hiyo huishi kwenye visiki vya msitu uliofyekwa zamani, na hutembea chini kwa chini kutoka mzizi hadi mzizi. Dawa yake ni jembe. Unang'oa wagonjwa, halafu unang'oa wazima wote wanaowazunguka, mizizi na vyote, unachoma. Wanawake wa kuchuna walisimama pembeni wakinitazama nikiwaelekeza wanaume kung'oa chai iliyochipua vizuri kabisa.

"Daktari, hii ni mzima!" mmoja wao alilia, machozi ya kweli. "Woi, si hii ni mzima!"

Meneja akaniuliza mbele ya wote kama nina hakika. Sikuwa nayo. Nikasema ninayo. Duara lile halikuendelea, na kuanzia siku hiyo nikaitwa kila kitu kilipokauka, hata maua ya bibi yake meneja. Kazi ya nje ya chuo ni hiyo, vijana. Unatoa hukumu kabla ushahidi haujatosha, unalala nayo, na asubuhi unaenda kuangalia kama umeharibu.

Lakini kazi ya moyo wangu ilikuwa nyingine. Mnaijua mvua yetu ya mawe. Alasiri mbingu inakuwa nyeusi upande wa msitu, na kabla hujamaliza kikombe chako bloku nzima imebaki vijiti. Katika mashamba ya zamani chai ilipandwa kwa mbegu, kwa hivyo kila mti una tabia yake, kama watoto wa mama mmoja. Kila baada ya mawe, mimi na Bwana Mwangi tulivaa makoti ya mvua tukapita mistari, tukitafuta mti uliochipua kabla ya wenzake. Tukiupata tunaufunga kitambaa chekundu. Mawe yakirudi, tunarudi kuona kama ni ule ule. Hakuna profesa angenipa ruhusa ya kazi ya namna hiyo, ya kungojea hasara ya watu ndipo uanze kuhesabu. Bwana Mwangi alistaafu tukiwa bado tunafunga vitambaa, na akafariki kabla ya kuona mwisho. Niliendelea peke yangu. Vitambaa vikapungua mwaka hadi mwaka, hadi ukabaki mti mmoja tu ambao haukunidanganya hata mara moja, na chai yake ilikuwa inanyweka. Nikazalisha miti mingine kutoka kwake, nikaipanda karibu na kitalu. Kampuni iliipa namba. Wafanyakazi waliiita Ya Mawe.

Sasa nieleze jambo moja polepole, kwa sababu yaliyofuata yote yanatoka hapo. Ukitaka miche mingi ya mti mmoja wa chai, hupandi mbegu, unakata vipandikizi. Na ili mti ukupe vipandikizi, lazima uuache. Huuchuni. Unauacha upande juu, matawi yarefuke kwa nusu mwaka, hadi uwe kichaka. Miti ya namna hiyo tunaiita miti mama, na mtu wa huku hawezi kuitazama bila kuumwa. Huku kwetu chai ni meza. Mchunaji analaza ufito juu ya miti, na kila kilichopita ufito kinachunwa, hadi bloku inakuwa sawa kama kitanda kilichotandikwa. Chai iliyopanda juu ni aibu. Watu wakipita wanauliza, kwani wenyewe wa hapa walikufa? Ndiyo maana vijijini kwetu, ukiwa na harusi au matanga, majirani huja kabla ya siku yenyewe wakakuchunia na kukusawazishia chai yako, ili wageni wasikute boma lililoachwa. Hawakuulizi kwanza. Kukuuliza ni kukuambia kwamba wameiona aibu yako.

Chelangat alikuja miaka yangu ya mwisho. Alikuwa msichana wa Chebunyo, kule kwa ng'ombe na jua, na alikuwa mtu mzima tayari alipoona shamba la chai kwa karibu. Ng'ombe wa baba yake waliuzwa mmoja mmoja akisoma, hadi PhD ya urithi wa mimea ikaisha na boma likaisha pia. Vyuo vikamwambia asubiri. Alipoenda kuomba kufundisha sekondari, mwalimu mkuu alisoma karatasi zake, akamwambia amesoma kupita kiasi, atawatisha walimu wengine.

"Nikarudi nyumbani kuchunga mbuzi wa kaka," aliniambia siku ya kwanza. "Na kila jioni baba ananiuliza, hiyo kazi ya PhD inaanza lini?"

Nilimwonyesha mkato wa mshazari. Aliharibu vipandikizi asubuhi nzima, akikata, akirudia, akiponda, mimi nikimfokea kama nilivyofokewa. Kisha akapata kimoja safi. Akakiinua kwenye mwanga, akakigeuza, akacheka peke yake. Nikatoa kisu cha Bwana Mwangi nikampa hapo hapo, kabla sijabadilisha mawazo.

Wakati huo mashine za kuchuna zilikuwa zimeshaingia. Watu waliondolewa kwa makundi, na wa kitaluni kwangu waliondolewa wote, wale waliojua miti mama ni nini. Tukabaki mimi na Chelangat, tukibeba maji wenyewe, madaktari wawili na ndoo. Ndipo meneja mpya akaniita ofisini. Alikuwa kijana mpole, mwenye haya, asiyejua aweke mikono wapi.

"Daktari, makao makuu wanataka kufunga sehemu yako ukistaafu," akasema. "Nimewapigania. Wamekubali hivi: kitalu kikijaa Ya Mawe kabla ya mvua ndefu, sehemu inabaki, na Daktari Chelangat anaichukua. Kisipojaa, basi."

"Kitajaa," nikamwambia. Bwana Mwangi angefurahi. Sikusema inategemea.

Na kweli kingejaa. Miti mama ya Ya Mawe tulikuwa tumeiacha tangu miezi ya baridi, na matawi yalikuwa yamefika kifuani, mazito, yenye afya. Nilikuwa nikipita pale asubuhi nikiyagusa tu. Kibao cha USICHUNE tulikisimamisha mbele. Tulipanga kuanza kukata wiki moja baada ya sherehe yangu ya kuagwa, na Chelangat alikuwa ameshajaza mifuko udongo, maelfu, imepangwa chini ya kivuli ikingoja. Baba yake alikuwa amepigiwa simu akaambiwa kazi ya PhD sasa inaanza.

Wiki ile ya kuagwa nilishinda Kericho mjini nikifuata karatasi za pensheni, mambo ya kupanga foleni na kuambiwa urudi kesho. Chelangat alikuwa ameenda Chebunyo kumleta baba yake, kwa sababu mzee alitaka kuona kwa macho mahali ng'ombe wake walikoenda. Kwa hivyo hapakuwa na mtu kitaluni.

Alhamisi nilipofika niliona hema, viti vya plastiki, sufuria za wali na nyama, na kwaya ya kambi imevaa sare. Arap Soi, nyapara wa wachunaji wa shamba la juu, alinijia amenyoosha mikono yote miwili. Tulifahamiana tangu ujana. Mke wake ndiye yule aliyelia "hii ni mzima" siku ya duara.

"Daktari, kabla ya chakula uje uone zawadi yetu," akasema. "Lakini fumba macho."

Nikafumba, mjinga mimi, huku nacheka. Akanishika mkono. Wanawake wakaanza kuimba nyuma yetu. Nilihisi kwa miguu kwamba tunashuka kuelekea kitaluni, kisha nikasikia harufu ya majani yaliyokatwa, na nikafumbua macho kabla hajaniruhusu.

Ilikuwa meza. Miti mama yote, kutoka ukingo hadi ukingo, ilikuwa imesawazishwa kwa mashine na kumaliziwa kwa visu, na ungeweza kulaza ufito juu yake usitikisike. Sijawahi kuona kazi safi namna ile. Magugu yalikuwa yameng'olewa na njia imefagiliwa. Kibao changu kilikuwa kimepigwa rangi upya na kuandikwa KONGOI DAKTARI, yaani asante, na maua yamefungwa kwenye mguu wake.

"Tuliona watu wako walifutwa," Soi akasema, uso wake unang'aa. "Tukasema haiwezekani. Daktari wetu hawezi kuagwa na shamba lake limekuwa msitu, halafu wageni waseme nini? Tukaja wote siku yetu ya kupumzika. Jumapili, kutoka kanisani moja kwa moja."

"Na kibao?" nikauliza.

"Hiyo ya dawa? Aa, Daktari, hiyo dawa si iliisha zamani. Tulijua ulisahau tu kutoa."

Na huo ndio ukweli wa huku. Bloku ikipigwa dawa ya wadudu, kibao cha USICHUNE kinawekwa, na hakuna anayekumbuka kukiondoa. Viko kila shamba, vimeoza vikisimama. Nani angekiamini changu? Walioweza kuwaambia walikuwa wamefutwa, na sisi wawili tuliobaki hatukuwepo. Jumapili hadi Alhamisi. Kipandikizi kisichotiwa maji siku ile ile kimekufa.

Hapo ndipo pikipiki iliposimama barabarani, na Chelangat akashuka na baba yake, mzee mrefu aliyevaa koti la sikukuu na kushika rungu. Chelangat alitazama mara moja. Alienda hadi kwenye rundo la matawi pembeni, akapiga magoti na gauni lake jipya, akaanza kuchambua, akitafuta lililo bichi. Akatoa tawi moja, akalikunja, likakatika kavu. Akachukua jingine. Kisha jingine. Kwaya bado ilikuwa inaimba, na wengine walidhani anasaidia kusafisha.

Baba yake aliitazama ile meza ya kijani, akatingisha kichwa kwa furaha.

"Hii ni kazi safi," akasema. "Chelangat, hii ndiyo kazi yako?"

Aliinuka, akapangusa magoti. "Ndiyo, baba. Ndiyo hii."

"Kongoi," mzee akawaambia watu wote, rungu juu. "Kongoi sana. Sasa nimeona."

Nikapewa kipaza sauti. Mbele yangu walikuwa watu wanaopata siku moja tu ya kupumzisha mgongo, na waliitoa kwa ajili yangu. Nikawashukuru. Nikasema sijawahi kuona chai imenyooka hivyo, na hapo sikudanganya. Wakapiga makofi, wakanivisha shuka, wakanipa kiti cha mbao na birika. Nilikula wali nimekaa karibu na Soi na haukuwa na ladha yoyote. Hadi leo sijamwambia. Mke wake hunitumia maziwa kila akipata mtu wa kuja upande wangu, na mimi huosha chupa nikairudisha na ndizi ndani ya mfuko. Nikimwambia, nitamtoa furaha ile na bado tawi halitarudi.

Nilienda kwa meneja kuomba nusu mwaka tu, matawi yakue tena. Alinisikiliza hadi mwisho. Akapiga simu mbele yangu, akaongea kwa heshima, akasikiliza, akaongea tena, kisha akaiweka simu mezani polepole kama kitu cha kuvunjika.

"Ingekuwa mimi, Daktari," akasema.

Haikuwa yeye wa kuamua. Haijawahi kuwa yule mtu unayeongea naye, katika miaka yangu yote ya kampuni. Mvua ndefu ilikuja, ikanyeshea mifuko mitupu. Maabara ikawa stoo tena, safari hii ya vipuri vya mashine. Miti mama ikaingizwa kwenye zamu ya kuchunwa kama chai nyingine, na sasa majani ya Ya Mawe yanaenda kiwandani yakachanganywa na ya bloku zote. Pengine mmeshainywa. Mawe yakipiga, miti ile bado inachipua mapema kuliko yote iliyo karibu nayo, na hakuna mtu aliyebaki kule wa kuuliza kwa nini.

Kwa hivyo mnaponiuliza kama njia zipo nje ya chuo, najibu zipo. Kuna kampuni za chai, za maua, za mbegu na za dawa. Kuna maabara za hospitali na wakaguzi wa mpakani. Wenzangu waliingia huko kote, na wengine wanaendelea vizuri, wapigieni wao. Mimi nilipata kazi niliyoipenda kuliko kitu chochote nilichofundishwa, nikaifanya hadi mvi, na nilipotaka kumwachia mtu mmoja, mmoja tu, ilikatwa na watu walionipenda. Nina hasira hadi sasa, na sina wa kumkasirikia. Hiyo ndiyo inaniua.

Mwezi uliopita Chelangat alinipigia. Duka la dawa za mimea na mifugo mjini Bomet, karibu na stendi, lilikuwa linatafuta mtu wa kuuza. Mwenye duka, Mama Njeri, ananifahamu. Dawa ya kupe mimi hununua kwake.

"Nisindikize, Daktari," akasema. "Ukiongea wewe atanichukua. Lakini nina ombi." Akashusha sauti. "Usimwambie nina PhD. Mwenye duka wa kwanza niliyemwambia alicheka. Wa pili alisema nitamkimbia nikipata kazi ya maana."

"Na akitaka vyeti?"

"Nitampa cha sekondari."

Tulimkuta Mama Njeri akipanga magaloni. Alitukaribisha kwa uchangamfu, akatuletea viti, akamtazama Chelangat juu hadi chini.

"Huyu ndiye msichana? Haya. Nilikuwa na mmoja wa digrii, aki ya nani, alikuwa anabishana na wateja! Halafu akaniacha katikati ya msimu wa kupanda. Mimi nataka mtu wa kukaa. Ajue tu kusoma maandishi ya chupa." Akanigeukia mimi, si yeye. "Huyu amesoma?"

Chelangat alikuwa anatazama sakafu. Nikamwona akilini vile alivyokiinua kile kipandikizi kwenye mwanga siku ile akacheka.

"Amesoma kiasi," nikasema.

"Kiasi ni sawa. Hao wa kiasi ndio hukaa."

Akampa aproni ya kijani aanze saa hiyo hiyo, kwa kuwa ilikuwa siku ya soko. Chelangat akatoa kwenye mkoba kile kisu kidogo cha mpini wa mti, akafungua katoni ya kwanza, mkato mmoja, bila kurudia. Niliinuka kuaga. Mlangoni nikapishana na mzee mmoja mkulima aliyeshika jani la mahindi lililofungwa kwenye karatasi. Alilifungua juu ya kaunta. Lilikuwa limeingia manjano kutoka pembeni kwenda ndani, na moyo wake umekauka.

"Shamba yote imekuwa namna hii," akasema. "Nipe dawa, msichana wangu."

Chelangat aliligeuza jani, akaliinua kwenye mwanga wa mlango. Nilimwona akijua. Mimi pia nilijua. Ugonjwa ule hauna dawa ya chupa. Unang'oa, unalisha moto, na msimu ujao unapanda kitu kingine kabisa. Midomo yake ilifunguka. Mzee alingoja. Mama Njeri naye alingoja, mkono kiunoni, akimtazama.

Akaliweka jani chini taratibu, akamgeukia mwenye duka.

"Mama," akauliza, "nimpe ipi?"